Kibaraza kwenye Picha ya Zamani: Kinachosema na Kinachoficha

Mwaka 1888 Benjamin Harrison aliwania urais wa Marekani akiwa nyumbani kwake Indianapolis. Hakuzunguka nchi. Wapiga kura ndio waliomfuata, kundi baada ya kundi, naye akawahutubia, na mpaka leo kampeni yake inatajwa miongoni mwa zile kampeni maarufu za kibarazani. Ukitazama picha za nyumba hiyo utaona kibaraza kipana chenye nguzo mbele ya mlango, na papo hapo utajiambia kwamba ndipo aliposimama. Sivyo. Nyumba ilikamilika katikati ya miaka ya 1870 bila kibaraza hicho. Kilijengwa katikati ya miaka ya 1890, Harrison akiwa ameshatoka Ikulu na kurudi kwake.

Naanza na nyumba hii kwa sababu fundo lote la mada limo humo. Picha za nyumba kongwe zenye vibaraza hupendwa sana, husambazwa sana, na watu huzikadiria umri kwa kutazama nguzo. Lakini katika nyumba nzima hakuna sehemu isiyotulia kama kibaraza. Ukuta hubeba paa, kwa hiyo hauguswi ovyo. Kibaraza mara nyingi hakibebi kitu ila kipaa chake chenyewe. Mvua na jua hukipiga kutoka pande tatu, nguzo zake za mbao huanza kuoza miguuni pale maji yanapotuama, na mwenye nyumba akipata fedha kidogo au akichoshwa na sura ya zamani, hapo ndipo fundi anapoanzia kazi. Nyumba iliyodumu miaka 120 inaweza kuwa imebadilishiwa kibaraza mara tatu, na picha hunasa kimoja tu kati ya hivyo. Kwa hiyo kibaraza kwenye picha ni ushahidi mzuri wa siku picha ilipopigwa, na ni ushahidi dhaifu wa siku nyumba ilipojengwa. Ukiishika tofauti hiyo, mengine yote yataeleweka.

Kamera ilipenda kibaraza

Kwanza tujiulize kwa nini vibaraza vimejaa hivyo kwenye picha za karne ya 19. Jibu jepesi ni kwamba watu walikaa sana hapo, na ni kweli. Ila kuna sababu nyingine inayosahaulika, nayo ni mwanga.

Picha ya kamera kongwe kuliko zote zilizosalia, ile ambayo Nicéphore Niépce aliipiga kutoka dirishani huko Ufaransa takriban mwaka 1826 au 1827, ilihitaji saa nyingi za jua. Louis Daguerre alipopiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris mwaka 1838, muda ulikuwa umeshuka hadi dakika kadhaa, lakini barabara yenye pilikapilika bado ilitoka tupu. Magari ya farasi na wapita njia hawakutulia vya kutosha kuacha alama. Aliyeonekana ni mtu aliyesimama kusafishiwa viatu, pamoja na msafishaji wake. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni, ambapo bamba la kioo lilipakwa kemikali, likapigwa picha na kusafishwa likiwa bado bichi. Muda ukashuka hadi sekunde. Hata hivyo, ndani ya nyumba giza liliendelea kushinda.

Kibaraza kiliwapa wapigapicha kitu adimu: kivuli chenye mwanga. Uwanjani jua kali huchora weusi chini ya nyusi na kuwafanya watu wakunje uso. Chini ya kipaa cha kibaraza mwanga huingia kutoka upande mmoja, laini, na mtu ana pa kukaa au nguzo ya kuegemea, hivyo hatikisiki. Ndiyo maana katika picha nyingi utaona familia imepangwa ukingoni mwa kibaraza na kwenye ngazi, wala si ndani kabisa. Mpigapicha aliwasogeza hadi pale ambapo nyuso zinapata mwanga bila kuchomwa na jua.

Matokeo yake ni kwamba vitu unavyoviona kibarazani huenda havikukaa hapo siku nyingine. Kiti kizuri cha sebuleni, meza yenye kitambaa, cherehani, baiskeli mpya, vyote vilitolewa nje kwa sababu nje ndiko kulikokuwa na mwanga na ndiko ambako jamaa wa mbali wangeweza kuviona. Solomon Butcher, aliyeanza mwaka 1886 kupiga picha za walowezi wa Nebraska na kuacha zaidi ya picha 3,000, aliikuta hamu hiyo kila alikopita. Mama mmoja alitaka ndugu zake waone kwamba ana kinanda, lakini hakutaka waone kwamba anaishi katika nyumba ya udongo wenye majani. Kinanda kikakokotwa hadi nje, familia ikajipanga pembeni yake, na nyumba ikaachwa nje ya picha. Ukiitazama bila kujua kisa hicho, utajenga picha nyingine kabisa ya maisha yao.

Hali ilibadilika pale mabamba makavu, ambayo hayakuhitaji kupakwa kemikali papo hapo, yalipoenea miaka ya 1880, kisha kamera ya Kodak ilipotoka mwaka 1888 na ile ya Brownie mwaka 1900 kwa dola moja. Sasa mtu yeyote aliweza kupiga. Lakini maelekezo ya kamera hizo yaliwaambia watumiaji wapige nje, jua likiwa nyuma yao. Albamu za familia za miaka hiyo zimejaa ngazi na vibaraza, na sababu mojawapo ni agizo hilo.

Rangi nayo ina udanganyifu wake, na hapa wengi huteleza. Mabamba ya karne ya 19 yaliitikia mwanga wa buluu na yalikuwa karibu vipofu kwa nyekundu. Anga ya buluu hutoka nyeupe tupu. Matofali mekundu, rangi ya kahawia na nguzo zilizopakwa nyekundu hutoka karibu nyeusi. Katika pwani za South Carolina na Georgia, wanakoishi Wagullah Geechee, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa, ipo desturi ya zamani ya kupaka dari za vibaraza buluu hafifu, na imani iliyoambatana nayo ni kuzuia mizimu isiingie nyumbani. Kwenye bamba la zamani dari kama hiyo inaweza kuonekana nyeupe kabisa, na anayekarabati nyumba kwa kufuata picha peke yake ataipaka chokaa akidhani ameifufua. Mabamba yaliyoziona rangi zote yalianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906. Kwa picha za kabla ya hapo, na nyingi za baada yake, weusi na weupe visichukuliwe kama ushahidi wa rangi. Afadhali kukwangua mbao kwa kisu na kuhesabu matabaka ya rangi kuliko kubahatisha.

Nani alianzisha kibaraza?

Hapa mabishano ni makali, na mimi naona sehemu kubwa yake hutokana na kutafuta baba mmoja wa kitu chenye wazazi wengi.

Kuna wanaoanzia Ugiriki na Rumi, kwa kuwa nguzo nyingi za vibaraza huiga nguzo za mahekalu. Kwa umbo la nguzo wana hoja. Lakini kibaraza kirefu cha kukalia, chenye kivuli cha kutosha kuweka viti na kulala mchana, ni kitu kingine, nacho kinaonekana zaidi kwenye nchi za joto. Huko Bengal, watu wa Kampuni ya Mashariki ya India walikuta nyumba zenye paa linaloshuka chini na kuacha kivuli kuzunguka kuta. Wakazikuza kwa ajili ya maofisa wao, umbo hilo likasambaa katika himaya yote, na likafika Uingereza kwenyewe, ambako bangalo za kwanza, yaani nyumba za ghorofa moja za mtindo huo, zilijengwa pwani ya Kent mwaka 1869 na 1870. Kwa hiyo zile picha za maofisa wa kikoloni wakiwa kwenye veranda, popote zilipopigwa, zinaonyesha umbo lililochotwa Asia kabla ya kupewa sura ya Ulaya.

Kuna mkondo wa Afrika Magharibi. Miaka ya 1970 mtafiti John Michael Vlach alifuatilia zile nyumba nyembamba za New Orleans, ambazo vyumba hufuatana mstari mmoja na kipembe cha paa pamoja na kibaraza vikitazama barabara. Alizihusisha na Haiti, na kupitia Haiti na ujenzi wa Wayoruba. Hoja hiyo imejadiliwa sana, lakini ilibadilisha mazungumzo. Kabla yake, watu walioletwa utumwani walionekana kwenye historia ya majengo kama vibarua tu, wakati wao pia walikuja na ujuzi wa kupanga nyumba. Kwangu mimi hilo lina uzito mkubwa, hasa ukizingatia kwamba Waingereza waliohamia Amerika walitoka katika nchi ambayo kibaraza cha kukalia hakikuwa jambo la kawaida. Visiwa vya Karibi, ambako Wahispania, Wafaransa, Waafrika na wenyeji waliishi na kujenga pamoja, vinafaa zaidi kuitwa karakana ya kibaraza cha Amerika kuliko Athens.

Na zipo jamii zilizokuwa na sehemu za namna hii bila kumwiga mtu. Nyumba za mawe za Lamu zina daka kwenye lango, lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hupokelewa kabla hajaingia ndani. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina baraza za mawe zilizoambatana na kuta za nyumba. Nyumba za Japani zina engawa, ule ukanda wa mbao kati ya chumba na bustani, unaoonekana katika picha za wageni kama Felice Beato aliyefika Yokohama mwaka 1863.

Kuna jambo moja ambalo picha haziwezi kulimaliza. Upigaji picha ulitangazwa rasmi mwaka 1839. Wakati huo veranda za India zilikuwa na zaidi ya karne moja, baraza ndefu ya Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, ilikuwa imesimama tangu 1777, na nyumba za Charleston, South Carolina, zilikuwa zimeshazoea vibaraza vyake vya ubavuni. Kila picha ya kibaraza tuliyo nayo ilipigwa baada ya mchanganyiko kukamilika. Anayeleta picha ya mwaka 1870 kama ushahidi kwamba kibaraza kilianzia mahali fulani amechelewa.

Nyumba hizo za Charleston zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana huwachanganya watu pichani. Nyumba imegeuza ubavu wake mwembamba barabarani. Barabarani kuna mlango mzuri wenye fremu, unadhani ni mlango wa nyumba, kumbe ukiufungua unatokea kibarazani, chini ya kipaa, nje bado. Kibaraza kinakwenda urefu wote wa nyumba na mara nyingi kinatazama kusini au magharibi ili kupata upepo. Mlango halisi uko katikati ya ubavu. Picha iliyopigwa kutoka barabarani huonyesha mlango usioelekea chumbani, na ukihesabu vyumba kwa kufuata mlango huo utakosea nyumba nzima.

Kukadiria umri

Wanaopenda kazi hii huanza na nguzo, nami sikatai, ila nguzo husema umri wa nguzo. Nguzo nyembamba zilizokerezwa, zikiwa na nakshi za mbao zilizokatwa kama lesi pembeni, hupatikana sana kuanzia miaka ya 1860 na 1870. Mashine za kukereza na misumeno ya mvuke ziliwezesha viwanda kuzalisha vipande hivyo kwa wingi, na reli zikavisafirisha hadi miji midogo. Mwenye nyumba alichagua kwenye katalogi, seremala wa mtaani akapigilia. Nyumba ya mwaka 1820 iliweza kupata kibaraza cha 1875 kwa kazi ya siku chache. Nguzo nene, pana chini na nyembamba juu, zikiwa zimekaa juu ya vijiguzo vya matofali au mawe, ni za mtindo wa bangalo uliotawala Marekani takriban 1905 hadi 1930. Ukiziona zimebandikwa mbele ya nyumba ndefu yenye mapaa mengi yaliyochongoka, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumba imetangulia na kibaraza kimefuata.

Chuma kina habari yake. Watu hutazama roshani za New Orleans, zile za chuma cha kalibu kilichofumwa kama maua, wakaamini kwamba ni kazi ya zama za Wafaransa na Wahispania. Kilichozipa umaarufu ni majengo ya Pontalba, yaliyojengwa kati ya 1849 na 1851. Wenye nyumba za zamani walipoona uzuri wake, walibandika roshani kama hizo kwenye majengo ambayo tayari yalikuwa na miongo kadhaa. Picha ya mwaka 1890 inaonyesha kitu kimoja kilichokamilika, na jicho halioni pale umri mmoja unapokutana na mwingine.

Hata hivyo, mabadiliko hayo hayo yakijulikana tarehe yake, yanageuka kuwa kipimo kizuri. Chukua Ikulu ya Marekani upande wa kusini. John Plumbe aliipiga picha mwaka 1846, na nguzo ndefu zinapanda bila kukatizwa. Mwaka 1948, chini ya Rais Truman, roshani iliongezwa kwenye ghorofa ya pili, nyuma ya nguzo hizo. Picha yoyote ya upande huo isiyo na roshani ni ya kabla ya hapo, haijalishi maandishi ya nyuma yanasema nini.

Zanzibar wana kipimo kizuri zaidi. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, na roshani pana zenye nguzo za chuma zikalizunguka kila ghorofa. Katika picha za mwanzo utaona mnara umesimama peke yake mbele, upande wa bahari, mbali na jengo. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza zililipiga eneo la kasri kwa mizinga, kwa muda usiofika saa moja. Mnara uliharibika, na jumba la jirani la Beit al-Hukm likabomoka. Katika ukarabati uliofuata, mnara wa saa ulijengwa ukiwa umeunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib. Basi swali ni moja tu: mnara uko wapi? Ukiwa mbali na roshani, picha ni ya kabla ya vita. Ukiwa umechomoza katikati ya roshani, ni ya baada. Mnara huo na sehemu ya jengo viliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tangu hapo picha hizo zimekuwa nyaraka za kazi kwa mafundi, zaidi ya kuwa kumbukumbu za kutazama.

Si kila nyumba ina historia iliyoandikwa hivyo. Kwa nyumba ya kawaida, tazama makovu. Mteremko wa kipaa cha kibaraza usipolingana na wa paa kubwa, au kipaa kikikata katikati ya dirisha la juu, kuna kitu kiliongezwa. Mstari mwembamba wa rangi tofauti ukutani, unaopanda na kushuka kama kivuli cha paa lisilokuwepo, ni alama ya kibaraza kilichoondolewa. Mlango wa ghorofani unaofunguka hewani ulikuwa na roshani mbele yake. Ngazi pana zinazoishia kwenye mlango mdogo zilijengwa kwa ajili ya kitu kikubwa zaidi. Mambo haya huonekana vizuri ukikuza picha pembeni pembeni, mahali ambapo mpigapicha hakuwa na haja napo.

Ukiwa na picha ya Marekani, bendera iliyotundikwa nguzoni husaidia sana: yenye nyota 45 ilianza kutumika 1896, yenye 46 mwaka 1908, na yenye 48 kuanzia 1912 hadi 1959. Tahadhari ni kwamba watu hawatupi bendera ya zamani siku mpya inapotoka, kwa hiyo nyota hukuambia picha haikuweza kupigwa kabla ya lini, na hapo huishia. Nyaya za umeme na za simu hufanya kazi hiyo hiyo, na wavu wa waya wa kuzuia wadudu pia.

Ramani ni bora kuliko vyote hivyo. Kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa mwaka 1867, ilichora miji ya Marekani nyumba kwa nyumba kwa ajili ya bima ya moto. Matofali yalipakwa rangi ya waridi, mbao rangi ya njano, na vibaraza vikachorwa kwa mistari ya vipande. Kampuni za bima zilijali, kwa sababu kibaraza cha mbao hubeba moto kutoka nyumba hadi nyumba. Mji uliochorwa mara nne au tano katika miaka 40 unakupa mfululizo ambao picha moja haiwezi kukupa: mwaka huu kibaraza hakipo, toleo linalofuata kipo, linalofuata kimezunguka hadi ubavuni.

Vibaraza vya wagonjwa

Kuna picha zinazopotosha kwa namna ya pekee. Milima ya Adirondack, jimbo la New York, kuna mji wa Saranac Lake, na nyumba zake kwenye picha za mwanzoni mwa karne ya 20 zimejaa vibaraza kila upande na kila ghorofa, vingine vikiwa na vioo vya kusogeza. Watu wamelala kwenye viti virefu, wamejifunika mablanketi, theluji ikiwa bustanini. Mtu asiyejua atadhani ni hoteli ya matajiri. Walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Daktari Edward Livingston Trudeau, aliyekuwa na ugonjwa huo mwenyewe, alifungua kituo chake huko katikati ya miaka ya 1880, muda mfupi baada ya Robert Koch kutangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Tiba ilikuwa mapumziko na hewa baridi safi kwa saa nyingi kila siku, na hewa hiyo ilipatikana kibarazani. Wenyeji walijenga au kupanua vibaraza ili kupangisha wagonjwa. Dawa ya streptomycin ilipogunduliwa mwaka 1943, sababu ya vibaraza hivyo ilianza kuondoka. Ugonjwa uliviumba, na dawa ikavimaliza.

Nani amekaa, nani amesimama

Julai 1939 Dorothea Lange alipiga picha ya duka la kijijini huko Gordonton, North Carolina, Jumapili mchana. Alikuwa akiifanyia kazi idara ya serikali ya Farm Security Administration, ambayo pamoja na zilizoitangulia na kuifuata iliacha takriban negativu 175,000 za rangi nyeusi na nyeupe. Maelezo aliyoyaandika yanafundisha kutazama. Anataja pampu ya petroli upande mmoja na ya mafuta ya taa upande wa pili. Anataja kwamba nguzo za kibaraza ni magogo ambayo hayakurandwa. Anataja kwamba wanaume Weusi wamekaa kibarazani, na kwamba aliyesimama mlangoni ni ndugu wa mwenye duka.

Kaa na picha hiyo kidogo. Magogo yasiyorandwa yanasema fedha ilikuwa haba, au kwamba mti ulikuwa karibu na kiwanda kilikuwa mbali. Pampu mbili zinasema magari yameshafika lakini taa za majumbani bado ni za mafuta. Na mpangilio wa watu, Weusi wakiwa wamekaa nje na Mzungu akiwa amesimama kizingitini, ulipigwa katika jimbo lililokuwa na sheria za ubaguzi. Kibaraza kilikuwa mahali ambapo watu hao wote wangeweza kuonekana ndani ya fremu moja, wakati ndani ya majengo mengi ya jimbo hilo sheria iliwatenganisha. Watu wanatabasamu, na matabasamu hayo ni ya kweli kwa kadiri tunavyoweza kuona. Hayafuti sheria.

Ndiyo sababu sipendi maelezo ya kisasa yanayoandikwa chini ya picha kama hizi, kwamba zamani watu walipendana na kukaa pamoja vibarazani. Wengine walikaa kwa kupendana. Wengine walikaa kwa sababu ndani ya chumba cha paa la bati hapakaliki saa tisa mchana. Wengine wako kibarazani kwa kuwa ni watumishi wanaosubiri kuitwa, na katika picha nyingi za kikoloni, kuanzia India hadi Afrika, utawakuta nyuma kabisa karibu na nguzo, hawatajwi majina huku waliokaa mbele wakitajwa wote.

Kuhusu kutoweka kwa vibaraza sina mengi. Gari lilileta vumbi na kelele mbele ya nyumba, televisheni ikavuta watu ndani, na kiyoyozi cha dirishani kilipoenea Marekani miaka ya 1950 kikaondoa sababu ya joto. Nyumba za bei nafuu za Levittown, karibu na jiji la New York, zilizoanza kujengwa mwaka 1947 hazikuwekewa vibaraza vya mbele. Kwingine vilizibwa badala ya kubomolewa: huko Queensland, Australia, veranda nyingi zilizungushiwa mbao na madirisha zikawa vyumba vya kulala, na nguzo za zamani bado zimo ndani ya ukuta.

Picha mikononi mwa fundi

Makosa ya kusoma picha huishia kwenye mbao halisi. Williamsburg, Virginia, ukarabati mkubwa ulianza miaka ya 1920 kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo. Lengo lilikuwa kuurudisha mji kwenye sura ya karne ya 18, kwa hiyo mamia ya majengo ya baadaye yaliondolewa, na vibaraza vya karne ya 19 vikang'olewa kwenye nyumba zilizobakizwa. Leo vibaraza hivyo vinapatikana kwenye picha tu. Naelewa uamuzi ule, lakini nadhani ulikuwa mzito mno, kwa kuwa familia zilizoishi Williamsburg mwaka 1880 nazo zilikuwa wakazi halali wa nyumba zao.

Mwaka 1933, Charles Peterson wa idara ya hifadhi za taifa za Marekani alipendekeza kazi ya aina nyingine: wasanifu majengo waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi waajiriwe kupima na kuchora majengo ya kale kama yalivyo, pamoja na nyongeza zake. Miaka hiyo hiyo Frances Benjamin Johnston alizunguka majimbo ya kusini na kamera yake, akapiga maelfu ya picha za nyumba, zikiwemo zile duni ambazo wengine hawakuona haja ya kuzipiga. Nguvu ya mkusanyiko wa wasanifu wale ni kwamba picha inaambatana na mchoro wenye vipimo. Picha ya mbele kwa mbele hulaza kibaraza bapa ukutani, na huwezi kujua kama kina kina cha mita 1 au 3, tofauti kati ya mahali pa kusimama ukifungua mlango na mahali pa kuishi mchana kutwa.

Kwa hiyo ukipiga picha ya nyumba kongwe iliyosimama leo, simama pembeni, kwenye kona, ili mbele na ubavu vionekane pamoja. Kisha ingia kibarazani upige dari, mahali nguzo inapokutana na sakafu, na mahali kipaa kinapoingia ukutani. Weka futi au rula ndani ya fremu. Andika mwezi na mwaka nyuma ya picha au kwenye jina la faili, na kama unaye mtu anayekumbuka kibaraza kilichotangulia, andika alichokwambia pamoja na mwaka aliokitaja.